Jina la Mama Vipimo

Siri Polikarpo alikuwa na miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote watu walimuuliza jina lake mara mbili mbili. Alipolitaja mara ya kwanza walitabasamu wakidhani anawaficha. Alipolirudia, na wakaona hatanii, walinyamaza kwa namna aliyoijua tangu darasa la kwanza, siku mwalimu wa zamu alipoinua uso kutoka kwenye daftari la mahudhurio na kuuliza, "Siri ya nani?" Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Alizoea. Ukikaa na jina kama hilo Ifakara, ama unazoea ama unaomba uitwe kwa jina la ubatizo. Lake lilikuwa Agnella, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa katekista. Kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni pale Viwanja Sitini, alipofanya kazi kwa mwaka wa nne, mwenye nyumba alimtengenezea kibati cha kubandika kifuani chenye herufi nne, na wageni wa kiume hawakukosa la kusema juu ya kibati hicho.

Mama yake, Yosefina, alikuwa mama lishe karibu na mashine za kukoboa mpunga. Baba yake, Polikarpo, alikuwa mvuvi, na aliishi Kivukoni na mke mwingine aitwaye Luciana. Kutoka kwa mama mpaka kwa baba hakukuwa mbali. Kwa bodaboda ilikuwa robo saa tu. Hata hivyo, tangu Siri akiwa na miaka mitatu, wazazi hao wawili hawakuwahi kukaa chini ya paa moja.

Polikarpo hakumkana. Alikubali jina lake liandikwe shuleni, na kila mwanzo wa mwaka alipeleka sare au madaftari. Lakini Siri alipokwenda kumsalimia, baba alikuwa na tabia ya kumtazama vipande vipande: masikio, kisha paji la uso, kisha vidole vya miguu, kama mtu aliyeambiwa atafute alama fulani na hajaiona. Akishamaliza kutazama, aliuliza habari za masomo. Siri alipofika miaka kumi na minne, binamu yake mmoja waliyegombana naye kisimani alimwambia mbele ya watu, "Nenda kamuulize mama yako hiyo siri ni ya mwanamume gani." Jioni ile alimuuliza. Yosefina alikuwa anasonga ugali, na hakuacha kusonga.

"Ni jina," alisema. "Nawa mikono ule."

Siri hakuuliza tena. Alikuwa ameshajijibu mwenyewe, na jibu lake lilifanana na la binamu.

Mambo yalianza kusogea mwezi wa sita mwaka huu, Steven alipoleta wazee wake. Steven Masanja alikuwa fundi wa pawatila, zile trekta ndogo za mkono, kule Mchombe, kijana mpole mwenye mikono yenye grisi isiyotoka. Baba yake, mzee Masanja, alihamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kabla Steven hajazaliwa. Mzee huyo alikuja na mdogo wake aitwaye Shija na mama mmoja wa ukoo. Wakapokewa vizuri, wakala wali na kuku, wakajitambulisha. Kisha mzee Masanja akamgeukia Siri na kumuuliza, kwa sauti isiyo na ubaya, jina lake lilitoka wapi.

"Kwetu jina haliokotwi njiani, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Huyu ndugu yangu ni Shija kwa sababu walimtangulia pacha, Kulwa na Doto. Ukimwita tu, umeshajua alizaliwa baada ya nani. Sasa la kwako tukiulizwa nyumbani tuseme nini?"

Siri alitazama mkeka. Aliyejibu ni Yosefina, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji.

"Ni jina la mtu aliyenisaidia."

"Mtu gani, mama?"

"Mzungu mmoja."

Wageni walitazamana. Siri naye alimtazama mama yake, maana hata yeye ndiyo kwanza anasikia habari ya Mzungu. Mzee Masanja hakubisha. Aliitikia kwa kichwa, akanywa maji, na wakati wa kuaga akasema kwamba upande wao hawana neno na binti wamempenda. Ila siku ya kupokelewa rasmi wangeomba baba mzazi awepo, aseme kwa kinywa chake kwamba huyu ni mtoto wake na jina lake ni hili. Aliyasema hayo kwa heshima zote, na kila mtu pale alielewa alichomaanisha.

Walipoondoka Siri alimuuliza mama yake ni Mzungu gani huyo. Yosefina alikuwa anakusanya sahani.

"Wameniuliza, nimejibu," alisema. "Kama hawakusikia, si kazi yangu."

Siri alilala na neno lile. Mzungu. Alijitazama kwenye kioo asubuhi, ingawa alijua ni upuuzi. Rangi yake ilikuwa ya Polikarpo kabisa, au ya mwanamume mwingine yeyote wa bondeni.

Wiki mbili baadaye likasimama gari la watalii mbele ya nyumba ya wageni, akashuka mwanamke mzee wa Kizungu mwenye kofia ya kitambaa na darubini shingoni. Alikuwa amekuja kutazama ndege wa bondeni, na dereva wake aliomba vyumba viwili kwa siku tatu. Siri alimwamkia shikamoo kwa mazoea tu, na yule bibi akaitikia marahaba bila kusitasita, kwa Kiswahili cha mtu aliyeishi nchini. Jina lake lilikuwa Turid, raia wa Norwei, na alikuwa amefundisha miaka saba Njombe alipokuwa msichana. Aliandika jina lake kitabuni, akarudisha kalamu, macho yake yakatua kwenye kibati.

"Unaitwa Siri?"

Siri alisubiri kicheko.

"Nani alikupa jina la kwetu?" bibi aliuliza.

Siri alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia kwamba hilo ni neno la Kiswahili, maana yake jambo lililofichwa. Turid alisema neno hilo analijua, na alipojifunza Kiswahili lilimchekesha sana, kwa sababu dada yake mkubwa aliitwa Siri, na shangazi yake pia, na kule kwao ukiita Siri sokoni hugeuka wanawake wawili watatu. Halikuwa na uhusiano wowote na kuficha. Maneno yalikuwa yamekutana tu, kila moja limetoka kwao.

Siri akamwomba amweleze. Dereva alikuwa anashusha mabegi, na bibi akaegemea meza, akaomba kipande cha karatasi. Akasema zamani sana, kabla Ukristo haujafika kwao, wazee wao walikuwa wakiunganisha maneno mawili kuwa jina la mtoto. Aliandika maneno hayo mawili ya lugha ya kale na kuweka tafsiri pembeni: la kwanza ushindi, la pili mzuri, wa kupendeza. Chini yake akaandika Sigrid. Hilo ndilo jina zima, alisema, na wamelibeba malkia na wamelibeba wakulima. Kitabu cha kanisa kiliandika Sigrid. Ila mtu akiwa jikoni au zizini nani angehangaika na jina refu? Likakatwa likawa Siri, kama ninyi mnavyoyakata majina marefu ya ubatizo. Baadaye hicho kipande nacho kikawa jina kamili, kikaandikwa kwenye vyeti.

"Kwa hiyo wewe ni ushindi mzuri," alisema. "Ila sisi hiyo i ya kwanza tunaivuta kidogo. Siiri."

Siri alimshukuru. Akamkabidhi ufunguo wa chumba namba saba na taulo, akamwonyesha swichi ya maji ya moto. Aliporudi mezani akakuta yeye mwenyewe ameandika kitabuni namba kumi na saba, na nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi na viwili tu.

Hakusikia furaha, kama mtu angetegemea. Alichosikia kilikuwa karibu na hasira, na hakujua ampe nani. Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwenye banda la mama yake, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka karatasi juu ya meza. Yosefina alijifuta mikono, akaisoma polepole mpaka mwisho.

"Sikujua habari za ushindi," alisema. "Hilo hakuniambia."

Ndipo alipoeleza, huku akipepeta mchele wa kesho, bila kupandisha sauti.

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino. Polikarpo alikuwa amekwenda dago, kambi ya wavuvi katikati ya bonde, na Yosefina, mjamzito wa mimba ya kwanza, alikwenda kukaa kwa dada yake Chita. Huko alipata kazi ya kupika kwenye kambi ndogo ya wataalamu wa mradi wa umeme wa milimani. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa Kizungu aliyeshinda mtoni na fimbo yenye namba, akipima kina cha maji. Wafanyakazi walimwita Mama Vipimo, na jina hilo lilimtosha kila mtu. Maji yalipofunga barabara pande zote, Yosefina akaanza kuumwa uchungu kabla ya siku zake, na damu ilikuwa nyingi. Mkunga wa kijiji aliangalia akasema hili si la kwake.

Mama Vipimo aliwachukua vijana wanne wakambeba Yosefina kwenye kitanda cha kamba mpaka stesheni. Palikuwa na treni ya mizigo inasubiri njia. Mkuu wa stesheni alisema treni ya mizigo haibebi abiria. Mama Vipimo alisema vizuri, na akaenda kusimama relini mbele ya kichwa cha treni, ndani ya mvua, akapima kina cha dimbwi kwa fimbo yake kana kwamba yuko kazini. Alisimama pale mpaka wakafungua behewa la nyuma. Akapanda naye. Njia nzima alimshika mkono, na Yosefina, ili asipige kelele, alikuwa akimuuliza maswali.

"Nilimuuliza, mama yako alikuitaje? Akasema Siri. Nikafikiri ananitania. Akasema, kweli, Siri. Nikamwambia nikifika hai na mtoto akiwa hai, jina hilo nalichukua."

Walifika hospitali ya Ifakara alasiri, na mtoto akazaliwa usiku uleule. Siku ya pili Mama Vipimo alikuja na mche wa sabuni na kanga, akambeba mtoto, akarudi kazini. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa tatu. Polikarpo alikuwa amezingirwa na maji huko dago, na alifika nyumbani mwezi wa nne, akakuta mtoto ana jina, na majirani wameshalitafsiri.

"Nilimwambia," Yosefina alisema. "Nilimwambia mara moja, yote, ila nikamtaja kwa jina lake tu, si hilo la kambini. Akacheka. Akasema Mzungu ataitwaje jina la Kiswahili. Nikaona sasa nimsihi? Niape? Nimesema ukweli mara moja, unatosha. Ukweli ukiusema mara kumi unakuwa maombi."

"Na mimi?" Siri aliuliza. "Mimi ulikuwa huwezi kuniambia?"

Yosefina aliacha kupepeta.

"Wewe uliponiuliza, ulikuwa na uso wa baba yako," alisema. "Uso wa siku ile. Nikaona umeshaamini, umekuja kutafuta nikiri tu."

Ilikuwa kweli. Siri aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumamosi alipanda bodaboda kwenda Kivukoni. Tangu daraja lijengwe, gati ya zamani ya kivuko ilikuwa imebaki na mitumbwi michache na wanawake wa samaki. Polikarpo alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Alikuwa na miaka sitini na ushee, mwembamba, na miwani imefungwa kwa uzi. Siri alimwamkia, akaitikia, akaanza kumtazama masikio.

Siri alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yaliyotoka yalikuwa machache. Alimpa karatasi, akamweleza aliyeiandika ni nani na alisema nini. Polikarpo aliishika karatasi mbali, kisha karibu, kisha akamrudishia amsomee. Siri akasoma. Baba akamwambia arudie lile neno la tatu, la Sigrid. Akarudia.

"Wapo wengi wa jina hilo?" aliuliza.

"Amesema ukiita sokoni wanageuka."

Polikarpo alichukua sindano ya wavu, akakosa tundu, akakosa tena, akaiweka chini. Kisha akasema jambo ambalo Siri hakulitegemea.

"Mimi nilikwenda kuuliza."

Alisema alipotoka kugombana na Yosefina mwezi ule wa nne, alikwenda kwa miguu mpaka Chita, siku mbili, maji ya magoti. Hakumwambia mtu. Alifika kambini akamkuta mlinzi na mafundi wawili, akawauliza kama hapa palikuwa na Mzungu mwanamke anaitwa Siri. Walicheka. Mlinzi akamwambia hapa alikuwepo Mama Vipimo tu, naye ameshakwenda kwao. Na wewe mzee unatafuta siri ya nani? Polikarpo akageuka. Siku mbili tena kurudi.

"Hukumuuliza mama huyo Mama Vipimo ni nani?"

"Ningemuuliza ningemwambia nimekwenda kumchunguza."

"Miaka ishirini na saba, baba."

"Najua ni mingapi," alisema. "Niliihesabu kwako. Kila ukija naangalia umefanana na nani. Una miguu ya marehemu mama yangu. Niliiona siku nyingi. Lakini mtu akishaanza kuangalia, haachi kwa sababu ameona."

Luciana aliwaletea chai na kambale wa kukaanga, akawaangalia wote wawili, akarudi ndani. Walikula. Siri alipoinuka, Polikarpo aliuliza wakwe wanakuja lini.

Walikuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Polikarpo alifika mapema kuliko wote, ndani ya koti la bluu lililomzidi mabega, akakaa pale alipoonyeshwa. Yosefina alimpa mkono kama alivyowapa wengine, akarudi jikoni. Wageni walipotulia, mzee Masanja alisema wamefurahi kumwona baba, na kwamba kuna swali liliachwa njiani siku ile.

Polikarpo alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Alisema huyu ni mtoto wake wa kwanza. Alieleza mvua, behewa la nyuma, na mwanamke aliyesimama relini, kwa mpangilio uleule wa Yosefina, kwa sababu alikuwa ameusikia mara moja na, kama ilivyoonekana, hakuwa amesahau hata neno. Akataja maana ya jina kwa lugha ya wenyewe. Kisha akaongeza lililokuwa lake.

"Mama yake aliniambia haya mwaka tisini na nane. Mimi nikasema ni uongo. Hakuwa mwongo. Nayasema mbele yenu kwa sababu najua mlikuwa mnauliza nini, na aliyeanzisha swali hilo ni mimi."

Akaketi. Shija alikohoa. Mzee Masanja aliitazama kofia yake kidogo, akasema wamesikia, na nyumbani watakuwa na la kusema. Baada ya hapo aliuliza kama barabara ya Mchombe itapitika mwezi wa kumi, wakaingia kwenye habari za tarehe.

Siri alikuwa ametegemea kulia, na hakulia. Alikuwa anamtazama mama yake kupitia mlango wa jikoni. Yosefina alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alisimama hivyo mpaka sufuria ilipoanza kufurika, akapunguza moto, akaendelea kupakua.

Wageni walipoondoka Polikarpo alizunguka nyuma ya nyumba. Siri alikuwa anaosha vyombo karibu, na aliwasikia.

"Ulinambia," Polikarpo alisema.

"Nilikwambia."

"Nilikwenda mpaka Chita kuuliza."

Yosefina alikuwa hajui hilo.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na maji yale," alisema Yosefina. Akachukua ndoo ya makoko akaenda kuimwaga.

Harusi ilifungwa Mchombe mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Polikarpo alimshika binti yake mkono mpaka mbele ya padri, akatazama mbele muda wote. Turid alikuwa amesharudi kwao. Siri alimtumia picha kwa simu, naye akajibu kwamba amemwonyesha dada yake, na dada yake anauliza Mchombe iko wapi.

Polikarpo hakurudi kwa Yosefina, na hakuna aliyetegemea arudi. Alikuwa na Luciana, na Yosefina alikuwa na banda lake. Lakini Jumapili alianza kuja na samaki wawili watatu kwenye kikapu. Yosefina aliwapokea, akawapara, akawakaanga, akamtengea chai. Jumapili za mwanzo alimtengea nje, barazani. Siri alipokuja kuwasalimia mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imeanza, aliwakuta wamekaa ndani, kila mmoja kwenye kiti chake, wakibishana juu ya bei ya mpunga.